Kamyo Iliyovaa Basi

Tangu tumerudi, hakuna njia mi napita bila mutu kunishika mukono: "Rajabu, sha, ilikuwaje kule?" Naanza kusimulia, nafika katikati, mwengine anakuja, anataka tuanze tena kwa mwanzo. Nimechoka. Basi naandika yote mara moja, nyinyi wa Buyenzi hapa Bujumbura mutasomeana, na wale wa Kinama mutawapelekea. Mambo ya ruhusa na makaratasi naruka, hakuna mutu anapenda kusikia ile.

Gereji

Munajua kaka yangu Juma, ule wa kusoudé, kuchomelea vyuma, aliposa Zuhura wa kule mbali, ukishapita Muyinga, mu milima ya kuelekea Tanzania. Mahari iliisha zamani. Kilichobaki ni sisi tu kufika. Mara ya kwanza tulienda na minibisi. Ikazama mu bonde chini ya mulima yao, wakwe wakasimama juu wanatuangalia tunasukuma na kanzu zetu nyeupe, mpaka tukashindwa, tukarudi. Mara ya pili barabara ilifungwa, konvoi ya magari inayolindwa na waaskari haikutoka hata mujini.

Pale njo Baba Mukubwa Saidi, mwenye gereji, alisema tusipande tena gari ya kukopa.

Nyuma ya gereji kulikuwa kamyo moja ya tani tano, kat-kat, yaani magurudumu yote ine inavuta, mbele na nyuma. Zamani ilikuwa inafanya kazi ya kutengeneza barabara. Motere yake nzima, buate ya vitesi, ile ya gia, nzima, lakini sanduku ya nyuma ilioza. Pembeni yake kulikuwa basi ya zamani ya muji, motere imekufa, kareseri, yaani bodi yake, bado nzuri. Mutu yeyote wa Buyenzi akiangalia vile vitu viwili anaona kitu kimoja. Tukakata basi, tukaipunguza urefu, tukaivalisha kamyo.

Hapa nieleze kidogo, sababu watu wanafikiri ni kukata na kuchoma tu. Shasi ya kat-kat, ile fremu ya chini, imetengenezwa ijinyonge. Gurudumu moja ikipanda jiwe, shasi inajikunja kama mutu anageuka mu kitanda, njo maana zile zingine zinabaki kukanyaga chini. Kareseri ya basi haijui ile mambo. Ukiichomelea moja kwa moja ku shasi, siku ya kwanza ya mashimo vioo inapasuka na mulango inakataa kufunguka. Sisi tuliweka vipande vya pine, yaani tairi, ya zamani katikati, na upande wa nyuma tukaifunga na risoro, springi, mbili, ili chini ijinyonge, juu itulie. Ile ilikuwa kazi yangu. Tumeenda na kurudi, hakuna kioo hata kimoja kimepasuka. Mwenye kubisha akuje ahesabu.

Tulikuwa tunapaka rangi wakati mufanyabiashara mumoja wa samaki za ndagala alileta neno ya muzee Sudi, baba yake Zuhura. Alisimama mbele yetu wote, akasema vile alivyoambiwa:

"Muzee anasema, hii Ijumaa atakwenda kusali. Akitoka mu musikiti na bado hajawaona, Zuhura ataolewa na mutu wa pale pale. Mutu anayekuja kwa miguu."

Juma aliweka burashi chini. Ile siku hakula, na Juma munamujua vile anakula.

Baba Mukubwa aliuliza tu: "Kwa miguu?" Halafu akatuma watu watafute mapine ya mupya muji yote.

Walipata mbili. Wakati huu wa vita kupata hata ile mbili ni baraka. Zile zingine mbili tulikuwa nazo zilikuwa zimekwisha, laini kabisa. Baba Mukubwa akasema mupya zikae mbele zote mbili. Mi nikamwambia: "Baba Mukubwa, kat-kat haipendi viatu tofauti. Pine ya mupya ni kubwa kidogo, ile imekwisha ni ndogo. Mbele na nyuma hazitatembea sawa, na ukizifunga pamoja zitagombana."

"Utazifunga pamoja wapi?"

"Mu tope."

"Mu tope kila gurudumu inateleza yenyewe, nani atajua? Ku barabara ya lami utatumia za nyuma tu. Wakwe watakuja kuizunguka gari mbele watu hawajashuka, munajua desturi. Wanaanza na sura. Unataka waone upara?"

Mafundi wote wakacheka, wakasema muzee amesema kweli. Na ku kamyo ya kawaida angekuwa amesema kweli. Tukaweka mupya mbele.

Barrière ya kutoka muji

Alhamisi asubuhi tulikuwa ku barrière, pale magari inapangwa kungojea waaskari. Ndani tulikuwa ukoo yote na masufuria. Ile basi ni ya juu sana, hakuna mwanamuke anaweza kupanda bila kuweka kasha ya Fanta chini ya mulango. Shangazi Mwajuma, dada yake baba, alipanda wa kwanza, akageuka kutuangalia kutoka kule juu.

"Mumenijengea nyumba ya gorofa. Ngazi iko wapi?"

"Unakanyaga ngazi, Shangazi."

"Hii ni Fanta. Siku ya kushuka mutanipa Coca?"

Shoferi alikuwa Déo. Munamujua, mukristo wetu, anakula idi zetu zote na Noeli zake. Alizeeka mu makamyo ya mizigo, barabara ya kaskazini anaijua kila kona, lakini kat-kat hakuwa amewahi kuendesha. Nilimuonyesha ile leviye ndogo, mukono wa chuma wa kufunga mbele na nyuma pamoja. Nikamwambia asiiguse mpaka nimwambie. Akasema: "Ntakibazo," hakuna shida.

Tulingoja. Konvoi ilikuwa itoke asubuhi, ikawa bado kidogo, ikawa wakubwa wanaongea ku radio. Mi siwezi kungoja, munanijua. Nilizunguka gari mpaka Juma akaniambia niketi, nitamaliza udongo.

Halafu ikakuja shida ambayo hatukuifikiria. Askari wa kupanga magari alisema makamyo yaende mbele, mabasi na minibisi katikati. Akafika kwetu. Akaangalia juu, akainama, akaangalia chini, akasimama tena.

"Hii ni nini?"

"Basi, chef," Déo akasema.

"Basi gani iko na ponti ya kuvuta magurudumu ya mbele?"

"Basi ya arusi."

Akaita mwenzake. Wote wawili wakainama. Mwenzake akasema ni kamyo. Wa kwanza akasema kamyo haina mapazia. Kweli Shangazi alikuwa ameweka mapazia ya maua. Walibishana pale, na nyuma yetu watu wanapiga honi, na mama mumoja wa kuuza mayai ya kuchemusha akawaambia: "Muiulize yenyewe." Mwishowe wakatuweka mwisho wa makamyo na mwanzo wa minibisi, ili wote wawili wawe na haki. Shangazi akawapa sambusa. Tulikuwa tumebakiza sambusa ya wakwe nusu, na hatujatoka mujini.

Kupanda Bugarama

Mvua ilitushika mu kona za kwanza. Ku ile barabara ya kupanda, munajua sheria: hakuna kusimama, hakuna kupita mwenzako, mbele pikapu ya waaskari, nyuma pikapu ingine. Kila mutu anaangalia mu miti kama kuko wenye bunduki, hakuna anayesema anaangalia. Wamama walikuwa wanaimba kaswida polepole.

Udongo ilikuwa inateremuka ku lami na maji. Mi nilikuwa nyuma, nashika sufuria ya nyama isimwagike. Mara nikasikia gari inabadilika. Inavuta na nguvu, halafu inakuwa nzito, motere inalia kama imebeba mulima. Harufu ya mafuta ya moto ikapanda mu sakafu.

Nikakimbia mbele. Ile leviye ndogo ilikuwa imesukumwa.

"Déo, umeifunga?"

"Ilikuwa inateleza, sha. Nikaogopa."

"Kutoka wapi?"

"Kutoka kule chini."

Kona zote zile, ku lami, na mapine tofauti. Mbele inataka kwenda hivi, nyuma inataka kwenda vile, na ku lami hakuna kuteleza, basi zinanyongana mu vyuma vya katikati. Tulivuta leviye, Déo na mi, miguu yetu ku tabulo ya mbele. Haikutoka. Gari ikaenda mita kidogo tena, ikasimama. Makamyo ya mbele yakapotea mu kona na ukungu.

Kuko dawa moja tu: kurudi nyuma. Ukirudi nyuma polepole, volan, usukani, ikiwa sawa, ile minyongo inafunguka yenyewe.

"Nyuma?" Déo akasema. "Hapa?"

"Apana, twende Kayanza kwanza halafu turudi. Hapa, Déo."

Nikashuka na mvua, nikaenda kwa minibisi ya nyuma yetu, nikamwambia shoferi aache nafasi. Alifungua kioo kidogo tu, kidole kimoja. Mbele sijamaliza kusema, Déo, na haraka yake, akaanza kurudi.

Sasa jiwekeni mu ile minibisi. Muko ku barabara ya Bugarama, mu ukungu, na basi iliyo mbele yenu inarudi nyuma. Hakuna aliyeuliza. Minibisi ikajaribu kugeuka, ya nyuma yake ikajaribu kugeuka, watu wakafungua milango wakaingia mu mufereji. Mama mumoja alinipita na mutoto mugongoni na kiatu kimoja. Mi niliita: "Ni leviye tu, ni leviye!" Nani anajua leviye ni nini ile saa?

Askari mumoja wa pikapu ya nyuma akanifikia anakimbia, bunduki mbele.

"Umeona nini kule?"

"Hakuna kitu mbele, chef. Kitu iko chini."

"Chini wapi?"

"Chini ya gari. Mbele na nyuma zimenyongana."

Akanishika ukosi, akanipeleka mpaka ku gari, akainama aangalie kama kweli kuko mutu anayenyongana. Ile ile dakika vyuma ikafunguka. Wenye kujua kat-kat wanajua ile sauti. Paa, kavu, moja tu, kama risasi.

Konvoi yote ikalala chini. Askari akalala juu yangu, sijui kwa kunilinda ao kwa kukosa nafasi. Mu mufereji kimya kabisa, mvua tu. Halafu Shangazi akatoa kichwa mu mapazia ya maua.

"Wenye wamekufa waseme tuwasalie. Wengine mupande, nyama inapoa."

Askari alisimama, akajipanguza tope. Hakucheka. Ila alipoangalia ile leviye, na Déo ameishika kama nyoka, akaniambia: "We utaketi hapa. Ukiona ameigusa tena, umupige." Akatuweka mwisho, mbele ya pikapu yao, akasema tukisimama mara ingine watatupita.

Niliketi pale mpaka Kayanza, mukono ku leviye. Déo hakuniangalia. Tulipopita Bugarama, jua ilipotoka kidogo, akasema: "Nilikuwa nataka tu tufike." Nikamwambia mi pia.

Baba Mukubwa alikuwa kiti cha nyuma yetu, alisikia yote.

Ngozi

Couvre-feu, ile amri ya kutotembea usiku, ilituingiza Ngozi mbele ya jioni. Imamu mumoja mwema akatupokea mu uwanja wa musikiti, wamama wakapika maharagi na ndizi, na watoto wa pale wakaizunguka basi yetu wanahesabu ngazi ambazo haziko.

Baba Mukubwa alikula, akanawa, akaenda peke yake mbele ya gari. Akasimama pale anaangalia mapine ya mupya. Kweli zilikuwa zinapendeza. Halafu akanitupia funguo ya magurudumu.

"Sema unavyotaka kufanya."

"Moja ya mupya inabaki mbele, ingine inaenda nyuma. Mbele inakuwa na moja kubwa na moja ndogo, nyuma vile vile. Ukijumlisha, mbele na nyuma zinakuwa sawa. Zitatembea pamoja."

Akafikiri. Ni mutu anayefikiri na vidole, anavihesabu. "Kushoto mbele, kuume nyuma."

"Vile."

"Itakuwa na sura ya mutu aliyevaa mu giza."

Shangazi alitukuta tumeweka kiriki ya kuinua gari, gurudumu ya mbele imetoka. Akauliza tunafanya nini, tukamueleza.

"Apana. Mutapeleka bwana arusi na kiatu kimoja mupya na kimoja cha zamani? Wakwe watasema tumeokota."

"Shangazi," Juma akasema, na hii ilikuwa mara ya kwanza aongee tangu Bujumbura, "mara ya kwanza tulifika na mapine mazuri mpaka mu bonde. Mi nataka kufika juu."

Shangazi akashika taa, akatumulikia mpaka tulipokaza nati ya mwisho.

Bonde

Kutoka Muyinga barabara ya lami inakwisha, inabaki udongo mwekundu. Tulikuwa tumechelewa tena, barrière moja ilitushika kwa kutafuta chumvi mu magunia yetu ya muchele, sijui chumvi gani. Jua ilikuwa inapanda. Juma alikuwa amevaa kanzu, kofia, koti, kila kitu, anaketi sawa kama picha. Kila kona anauliza saa, na hakuna mutu alitaka kumuambia.

Njia ilianza kupanda na kuteremuka, ngumu pahali, laini pahali. Nikamwambia Déo: "Funga." Akaniangalia kwanza. "Kweli?" "Kweli." Akafunga. Nikangojea gari ikuwe nzito. Haikukuwa. Tulipanda mulima wa kwanza kama mutu mwenye afya, tukateremuka, tukapanda wa pili. Nilivuta leviye kujaribu: ikatoka bila hata kelele. Nilitaka kumuambia mutu, lakini wote walikuwa wanaangalia mbele, sababu bonde ilikuwa imetokea.

Ni ile ile bonde. Maji ilikuwa imepita juu ya njia, imeacha tope nyeusi kama uji wa ulezi, na majani ya mafunjo imelala. Hata alama za minibisi yetu ya mara ya kwanza zilikuwa bado pale pembeni, zimekauka juu juu. Ngambo ile ingine mulima wa Zuhura, migomba, mabati ya musikiti inametameta.

Déo akauliza: "Tushushe watu?"

"Apana. Uzito unatusaidia. Vitesi ya chini, usibadilishe, usisimame. Ukisimama tumekwisha."

Akajifanyia ishara ya musalaba. Nyuma wote wakasema bismillahi. Tukaingia.

Tope ilifika chini ya mulango, halafu ikapita. Ilikuwa inaruka mpaka juu ya vioo, hatukuona kitu, Déo alikuwa anaendesha na masikio. Nilisikia shasi inajinyonga chini yetu, huku, kule, na juu sisi tumetulia, sufuria haikuhama. Motere ilipiga kelele kama haijawahi kupiga. Magurudumu ya mbele ikashika kitu kigumu, ikavuta, na nyuma ikasukuma, na pua ya gari ikainuka.

Tulikuwa ngambo. Wamama wakapiga vigelegele, Baba Mukubwa akapiga paa na ngumi, na Déo akaweka mukono ku honi akauacha pale, mulima yote, mpaka juu. Jua ilikuwa bado haijapita katikati. Kama muadhini alikuwa anaadhini, hatungesikia.

Mulima

Kule juu hakukuwa mutu.

Kwanza tulifikiri wako mu musikiti. Viatu vilikuwa ku mulango, vingi, vimetupwa huku na huku. Ndani mikeka imetandikwa, hakuna mutu. Mbele ya nyumba ya muzee Sudi kulikuwa turubai, viti, matawi ya migomba imefungwa ku nguzo. Sufuria tatu ku moto, wali unaungua. Chini kulikuwa bakuli ya hina imeanguka, na ndala za watoto.

Mi niliona zile ndala, nikajua. Lakini Juma hakujua bado. Aliingia nyumba hii, akatoka, akaingia ile. "Wamempeleka," akasema. "Wamempeleka kwa yule mutu." Kanzu yake ilikuwa nyeupe kabisa na uso wake vile vile.

Njo tukamuona nyanya mumoja. Alikuwa ameketi nyuma ya jiko, ku kigoda, miguu imenyooshwa mbele, imevimba. Alitukazia macho.

"Wenzangu wamekimbia," akasema na Kirundi, halafu Swahili. "Mi miguu imekataa. Kama munakuja kutuua, muanze kula. Wali unaungua."

Shangazi alipiga magoti pale pale mu majivu. "Nyanya, sisi ni watu wa Juma. Bwana arusi."

"Bwana arusi gani anakuja na kamyo ya vita?"

Tukageuka wote, tukaiangalia. Ilikuwa pale ku uwanja, motere bado inanguruma, Déo alisahau kuizima. Tope imefunika rangi, imefunika mapazia. Hakuna kilichobaki cha basi. Kuko kamyo tu, ya juu, nyeusi, ya magurudumu ine. Ile sauti watu wa kule wanaijua. Wakiisikia inapanda hawaulizi ni ya nani, wanachukua watoto, wanaingia mu migomba. Na sisi tumeipandisha na honi.

Baba Mukubwa akamuambia Déo zima. Kimya kikakuja, na mu kile kimya hakuna hata kuku.

Juma akapanda ku ukuta mudogo, akaita: "Zuhura!" Hakuna kitu. Akaita tena, jina lake mwenyewe, jina la baba yetu. Nani atatoka kwa kuitwa jina? Wenye kutafuta watu wanaita majina pia.

"Shuka," Shangazi akasema. "Sauti ya mwanaume haifai leo." Akachukua dufu mu basi. Akawapanga wamama wote mbele ya turubai, wakaanza kaswida, ile ya kumupokea bibi arusi, polepole, hakuna haraka, kama watu walioalikwa. Wakamaliza, wakaanza ingine. Baba Mukubwa alitoa wali ku moto. Mi nilichukua maji, nikaanza kuosha gari. Sikuwa na kitu kingine cha kufanya na mikono. Niliosha vioo, nikafungua mapazia ili maua ionekane.

Ku kaswida ya tatu mutoto mumoja alisimama mu migomba. Halafu mama yake akamuvuta, halafu mama yake mwenyewe akasimama. Halafu huku wawili, kule mumoja. Walikuwa wanatoka wanajifuta majani, hawatuangalii sana, kama watu waliotoka kidogo tu kutafuta kuni.

Muzee Sudi alitoka na wazee wenzake. Ni mutu murefu. Kanzu yake ilikuwa imepasuka begani, miguu haina viatu, tope mpaka magotini. Akasimama mbele yetu, akaangalia jua. Ilikuwa imepita, Ijumaa ya ule mulima ilikuwa imepita bila hotuba. Mi niliogopa atasema tumechelewa, na niliogopa zaidi Baba Mukubwa atamujibu.

Juma njo aliongea.

"Baba, ulisema ukitoka mu musikiti na hatujafika."

"Nilisema."

"Bado haujasali."

Muzee akamuangalia. Halafu akaangalia miguu yake mwenyewe, na kile kicheko kilitoka bila yeye kukitaka, kwanza ku mabega. Wazee wenzake wakaanza, sisi tukaanza. Nyanya wa jiko alicheka zaidi ya wote. "Wewe njo umekuja kwa miguu," akamuambia muzee Sudi, mwanawe.

Wakanawa, tukasali adhuhuri pamoja, na nikaha ikasomwa palepale. Hakuna mutu aliyeizunguka gari kuangalia mapine.

Zuhura alitoka wa mwisho, alikuwa amekimbia mbali kuliko wote, na mutoto wa jirani mugongoni. Hina yake ilikuwa imechanganyika na udongo mpaka viwiko. Shangazi akataka kuiosha, aianze upya. Zuhura akasema: "Iache, itakauka." Halafu akamuambia Juma, sisi tukisikia: "Nilikimbia mpaka mupaka wa shamba. Kumbe ni we nilikuwa nakukimbia."

"Na sasa?"

"Sasa nimechoka."

Jioni hatukuweza kutoka, tulilala kule, tulikula wali wenye harufu ya moshi na nyama ya Bugarama. Asubuhi wote wakakuja kumusindikiza. Zuhura akakanyaga kasha, akapanda. Déo akawasha motere.

Watu wakarudi nyuma. Si kwa kutaka. Hatua moja, wote pamoja, wazee na watoto, na mama mumoja tayari ameinama kuchukua mutoto wake. Déo akataka kuzima. Muzee Sudi akamuonyesha na mukono asizime. Akasogea mbele ya gari, peke yake, akaweka kiganja chake ku kifuniko cha motere, akakiacha pale.

"Kujeni," akawaambia watoto. "Muweke mikono. Muisikie. Hii imebeba Zuhura."

Wa kwanza akakuja, halafu wengine, mpaka mbele ya gari ikajaa mikono midogo inatetemeka pamoja na motere. Mi, mwenye siwezi kungoja, niliketi mu kabini karibu ya Déo, nikangoja. Tulitoka wakati mutoto wa mwisho alipotoa mukono wake mwenyewe.